Fundi Sikio na Gari Lisilonguruma

Ukipeleka gari bovu kwenye gereji ya Fundi Sikio, usijisumbue kueleza. Wengi walijaribu wakaambiwa wanyamaze. "Umeniletea gari au umeniletea hotuba?" angeuliza, kisha angeweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini, mpini sikioni, macho kayafumba kama anayeonja mchuzi. Mwenye gari angebaki kasimama, funguo mkononi, mpaka atamkiwe hukumu: "Beringi ya alternata hiyo. Inalia." Na ingekuwa hiyo hiyo. Ndiyo maana jina alilopewa na wazazi wake lilipotea kabisa. Hata mke wake alimwita Sikio, na akiwa na hasira alimwita Sikio la Kufa.

Gereji ilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na sakafu yake ilikuwa imekunywa oili mpaka ikashiba. Kona moja tu ilikuwa safi, nayo ni ile ya zege yenye mfereji, ilipokaa pampu ya maji ya presha. Hapo ndipo penye sheria ya fundi: gari haliguswi kabla injini haijaoshwa. "Mimi sipasui mgonjwa mwenye matope," alisema. Basi angefunika alternata na plagi kwa mifuko ya plastiki, apake sabuni, asugue kwa brashi, halafu apige maji mpaka chuma kiwe kama sufuria mpya. Wateja walipenda. Wapo waliokuja kuoshewa injini tu, waipige picha, waende zao. Kusema kweli, kwa magari aliyoyazoea, mkono wake haukuwahi kuharibu kitu.

Tatizo lililetwa na mke wake. Si kwa ubaya, masikini. Yeye ni dereva wa kukodiwa, mwanamke wa miwani mikubwa na maneno machache, na gari lake la zamani lilikuwa likinywa petroli kama lina harusi. Siku moja akaja nalo jipya, jipya kwake lakini kuukuu kwa aliyemuuzia. Liliingia gerejini kimya hivi kwamba paka aliyelala langoni nusura akanyagwe.

Fundi akafungua boneti. Akaona boksi la bati, kebo nene za rangi ya machungwa, kibetri kidogo na tangi la maji ya kupozea. Basi.

"Injini iko wapi?"

"Hakuna injini. Hili ni gari la umeme. Kuna mota, iko chini huko."

"Sasa mimi nisikilize nini?"

"Usisikilize kitu, mume wangu. Pumzika."

Lo! Neno hilo pumzika lilimchoma kuliko tusi. Tangu waoane, hakuna gari ambalo mke wake aliendesha bila kupita mikononi mwake. Alikuwa akimbadilishia oili mke akiwa bado amelala, akimkagulia mkanda, akimtegea sikio mlio wa breki anapopinda kona ya mtaani. Wanaume wengine hununua maua. Huyu alibadilisha plagi. Na sasa gari halina oili, halina mkanda, halina plagi hata moja. Kazi pekee iliyobaki ilikuwa kuliosha, basi akaliosha. Aliliosha juu na chini, akilaza mgongo kwenye zege na kupiga maji ya presha ndani ndani huko kwenye mota, kwa mapenzi yake yote. Hakufunika kitu, maana hakuona cha kufunika.

Hapa lazima nimtaje mama mkwe, kwa sababu bila yeye haya yote yangekuwa kichekesho cha gereji tu.

Mama mkwe wake figo zake zilikuwa zimechoka. Mara tatu kila wiki alipelekwa hospitali kusafishwa damu kwa mashine, na hospitali iko ng'ambo ya mlima, barabara moja tu, kupanda na kushuka. Binti yake alimpeleka asubuhi kabla ya kuwachukua abiria wengine. Siku moja walikosa kwenda, kwa sababu lile gari la zamani liliishiwa petroli njiani, na maji yalijaa mwilini, miguu ikavimba, na mama wa watu akakaa kitini akivuta pumzi kama anayepanda ngazi. Daktari alisema wazi: asikose tena. Gari la umeme lilinunuliwa kwa ajili hiyo. Likisimama gari, anasimama mama.

Kwa hiyo siku mke wake aliporudi na kusema kwamba katikati ya mlima taa ya njano imewaka, kamchoro ka mota kwenye skrini, na maneno "Hitilafu ya mfumo wa mota", halafu kakobe kadogo kakatokea na gari likapanda kwa mwendo wa kobe huyo huyo, Fundi Sikio alishtuka. Alishtuka, na ndani ndani, tusidanganyane, alifurahi kidogo. Hatimaye gari linaumwa!

"Niachie," akasema.

Akafanya alichofanya miaka yote. Kwanza akaliosha. Pili akafungua waya wa kibetri kidogo, akaenda kunywa chai, akarudi akaufunga. Taa ikazimika. Gereji zote zinajua dawa hiyo. Taa imewaka? Chomoa betri, rudisha, mteja aende nyumbani na moyo mweupe. Likiwa gari la petroli, sikio lake lingemwambia kama kuna jambo la kweli. Kwa hili, sikio halikumwambia kitu, naye akachukulia kwamba hakuna kitu.

"Nimelirekebisha," akamwambia mke wake.

"Lilikuwa na nini?"

"Taa tu. Magari haya yanadeka."

Baada ya siku kadhaa ikawaka tena. Akaliosha, akachomoa, akachomeka. Kisha tena. Na kila mara, baada ya siku moja au mbili za jua, gari lilitembea vizuri kabisa, naye akatembea kifua mbele. Mara nyingine aliiona taa alfajiri, mke wake akiwa bado anavaa, akaizima kimya kimya ili asimtie wasiwasi. Mke wake akadhani gari limepona. Mume wake akadhani amelitibu.

Ikafika asubuhi mke wake alipoamka na jino limemvimbisha shavu mpaka miwani imekaa upande. Akasema kwa kuuma maneno, "Leo mpeleke wewe." Fundi akavaa shati la pasi. Jana yake alikuwa ameliosha gari kwa makusudi kabisa, tena zaidi ya siku zote, kwa kuwa anapanda mama mkwe.

Mama mkwe akakaa nyuma, mkoba magotini, kitambaa cha kichwa kimefungwa sawasawa. Wawili hawa waliheshimiana mno. Mkwe hakuwahi kumkatiza mama huyu hata anapokosea jina la mtaa, na mama hakuwahi kumwita mkwe wake Sikio, alimwita baba. Walisalimiana, wakaulizana habari za nyumba, zikaisha. Kabla hawajafika chini ya mlima, taa ya njano ikawaka.

Fundi akapaki pembeni, akafungua boneti, akachomoa, akasubiri, akarudisha.

"Kuna nini, baba?"

"Haina neno, mama. Taa tu."

Wakaanza kupanda. Kobe akatokea. Gari likapunguza nguvu, malori yakaanza kuwapita, na fundi akakanyaga zaidi kana kwamba kukanyaga kunasaidia. Halafu ile njano ikawa nyekundu. Skrini ikaandika kwa herufi kubwa: "Simamisha gari mahali salama." Na mahali salama palikuwepo, pale penye uwanja mdogo wa kugeuzia malori, upande wa kushoto. Alipaona. Akapapita. Alijua mlima umebaki kidogo, akajisemea, twende hivyo hivyo.

"Na hiyo nyekundu inasemaje?" mama mkwe akauliza.

"Hiyo ni ile ile, mama."

Gari likazima. Palepale, kwenye kona, lori nyuma likipiga honi kama limeumwa na nyuki. Fundi Sikio akavuta breki ya mkono, akaruka nje akipunga mikono, jasho limelowesha lile shati la pasi. Akambeba mama mkwe, akambeba kweli, kwa mikono yote miwili, jambo ambalo mkwe hafanyi, akamweka kwenye ukingo wa barabara. Miguu ya mama ilikuwa imejaa ndani ya viatu. Alimtazama mwanamke yule akivuta pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu alipoanza ufundi akaogopa gari.

Aliyewaokoa ni dereva wa gari la mikate, mteja wake wa zamani. Walimpakia mama mbele, fundi akajibana nyuma kati ya kreti, huku akimpigia simu rafiki yake Koili aje avute gari. Hospitali walifika wamechelewa. Muuguzi akasema mashine ya mama amepewa mgonjwa mwingine, wasubiri. Wakasubiri. Fundi hakukaa. Alisimama ukutani akihesabu jinsi mabega ya mama mkwe yanavyopanda na kushuka, na kila muuguzi alipopita alimtazama kama mwenye njaa anavyomtazama mpishi. Mashine ilipopatikana, alitoka nje akajifuta macho kwa mkono wa shati, akajifanya ni jasho.

Sasa huyu Koili. Huyu alikuwa fundi wa kusuka mota za pampu na feni, na yeye na Sikio walikuwa watani wakubwa. Miaka yote Sikio alimcheka kwamba anafanya kazi ya kufuma vitambaa. Koili naye alimjibu kwamba afadhali vitambaa kuliko kulala chini ya magari kama mjusi. Magari ya umeme yalipoanza kuingia, Koili alikwenda kusomea, akarudi na glavu nene za mpira na kifaa cha kusoma makosa ya gari. Sikio alirudi gerejini akamkuta amekwisha kata umeme mkubwa wa gari, amesubiri kama inavyotakiwa, na sasa yuko chini yake.

"Mjusi mwenzangu, karibu," Koili akasema kutoka huko chini. Sikio hakucheka, na Koili akajua mambo si mazuri. "Mama vipi?"

"Yuko kwenye mashine. Niambie gari lina nini."

"Ndiyo shida yenyewe. Kifaa changu hakioni historia. Kosa la leo lipo, ya nyuma hayapo. Kuna mtu anayafuta."

Sikio akaanza, "Nikichomoa betri..."

"Ukichomoa betri unamfuta mgonjwa machozi kila daktari anapokaribia mlangoni." Koili akajivuta nje, akakaa, akaonyesha skrini kwa bisibisi. "Sikiliza. Hapa sikio lako likae likizo. Hii ya njano, gari linasema kuna kitu sikielewi kwenye mota, nipeleke kwa fundi. Kobe ni gari lenyewe limejibana. Limeamua kutumia nguvu kidogo ili mota isiungue. Halijachoka, linajilinda. Ukikanyaga zaidi unamsukuma mtu anayekwambia mguu umeteguka. Na nyekundu haina mjadala. Simama. Likikuomba usimame, linakupa nafasi uchague wewe pa kusimama, kabla halijakuchagulia."

Sikio akakumbuka ule uwanja wa kugeuzia malori. Akauliza:

"Na kosa lenyewe?"

Koili akamwonyesha plagi ndogo ya kuungia waya, si zile za injini, wala si kubwa kuliko kidole gumba. "Mota hii lazima kompyuta ijue imezunguka mpaka wapi, wakati wote. Kuna kihisi kinachoiambia, na waya wake unapita hapa. Mpira wa kuzuia maji umezeeka kidogo, lakini mvua peke yake isingeweza." Akaipindua plagi. Likatoka tone la maji, kisha la pili, na pini za ndani zilikuwa zimefanya kutu ya kijani. "Maji yakiingia, kompyuta inapokea habari za uongo, inawasha taa. Jua likikausha, inatulia. Nani anaosha hili gari?"

Sikio akatazama ile kona safi. Pampu ya presha ilikuwa pale pale kwenye zege, mpira wake umekunjwa vizuri, bado unadondosha.

"Ala," Koili akasema polepole. Safari hii hakutania. Wanaume wawili walikaa sakafuni, na yule aliyeosha gari alikuwa ameziba uso kwa viganja. Mapenzi yote yale, mgongo kwenye zege baridi, sabuni, brashi. Na kila alipoona mgonjwa kazidiwa, alimwongezea sumu ile ile.

Koili ni rafiki. Alibadilisha plagi na kipande cha waya, akaziba vizuri, akajaribu gari kwenye mlima, likapanda. Kisha akasema, "Ukitaka, nitamwambia shemeji kwamba mpira ulikuwa mzee. Si uongo. Mzee ulikuwa."

Ni kweli haukuwa uongo. Na njia nzima ya kwenda hospitali, Fundi Sikio aliutafuna ule mpira mzee kama peremende. Angesema hivyo, mke wake angemlaumu aliyemuuzia gari, wangemsema vibaya pamoja jioni, ingekwisha. Lakini alipoingia akawakuta wote wawili kwenye benchi, mke wake aliyekuja kwa daladala na shavu lake, mama na bandeji mkononi, uso wa kijivu kwa sababu mashine ilikatishwa mapema ili zamu ziende sawa, ulimi wake ukakataa.

"Ni mimi," akasema. "Maji niliyokuwa nikiosha yameingia kwenye plagi ya mota. Na taa ilikuwa inawaka mara nyingi kuliko unavyojua. Nilikuwa naizima. Leo gari liliniambia nisimame, nikapita."

Mke wake alisimama. Shavu au si shavu, maneno yalitoka yote, tena mbele ya wagonjwa. "Mama yangu! Umemchezea mama yangu! Mimi nakuuliza gari lina nini, unaniambia linadeka? Unadeka wewe!" Fundi akakubali kila neno. Muuguzi alichungulia, akaona ni mambo ya nyumba, akarudi. Mama mkwe alikuwa akimtazama mkwe wake kwa namna ambayo fundi hakuielewa.

Siku ya hospitali iliyofuata, mke wake alikuwa ameshashika funguo, mama alipotoka na mkoba wake na kusema, "Anipeleke mkwe wangu."

"Mama! Baada ya yale?"

"Kwa sababu ya yale. Huyu sasa anaogopa. Mimi namtaka dereva anayeogopa." Akafungua mlango wa mbele, si wa nyuma, akakaa, akafunga mkanda. "Na nitakaa hapa niione hiyo skrini mwenyewe."

Wakaondoka. Fundi aliendesha kama amebeba mayai. Skrini ilikuwa safi, haina njano, haina kobe. Walipanda mlima, wakapita ile kona, na hapo mama mkwe akauliza, macho mbele:

"Baba, ulipokuwa unaizima ile taa, ulijua si sawa?"

Fundi akafikiri. "Sikujua, mama. Lakini sikutaka kujua."

Mama akaitikia kwa kichwa taratibu. Wakaenda kidogo. Kisha akasema, sauti ya chini kama anayeomba msamaha, "Mimi kifua kinanibana nikilala chali. Si leo tu. Kwa hiyo nalala nimekaa. Na maumivu yakizidi nameza vile vidonge nilivyokatazwa, nipate usingizi. Mke wako hajui. Ana mambo mengi."

Neno lilimfika fundi mdomoni, lile lile alilowaambia wateja maisha yake yote, haina neno. Akalimeza. 

"Mama, hayo tunamwambia daktari leo."

"Nitasema mwenyewe. Wewe kaa karibu tu."

Daktari wa zamu alikuwa na haraka, kalamu mdomoni, vitanda vingi. Akafika, akatabasamu, akauliza kama anavyouliza kila siku, "Mama, hujambo? Tunaendeleaje?"

"Sijambo, mwanangu," mama mkwe akajibu. "Salama tu."

Akatazama pembeni. Daktari akageuza karatasi, akapiga hatua kuelekea kitanda cha pili. Fundi Sikio, ambaye hakuwahi kumkatiza mama mkwe wake hata siku moja, akasimama.

"Daktari, si salama. Mama, mwambie."

Mama akamgeukia kwa jicho kali, jicho la mama mkwe aliyevunjiwa heshima mbele ya watu. Fundi hakukaa. Daktari akatoa kalamu mdomoni, akavuta kiti. Na mama akafungua mkoba, akatoa vile vidonge alivyokatazwa, akaviweka kitandani.